Mshono wa Kuonekana

Nilistaafu Ijumaa. Jumatatu yake asubuhi mume wangu alinikuta uani nimenawa mikono hadi viwikoni, nimeiinua juu, nasubiri mtu anipe taulo iliyochemshwa. Akaniuliza, "Mama Oswadi, leo unampasua nani?" Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye kinu. Ndipo nilipotambua kwamba kazi imeniacha kwenye karatasi tu, mikononi bado ipo, na afadhali niiandike kabla sijaanza kuwakimbiza kuku wa jirani na kisu.

Nawaandikia ninyi wadogo zangu mlioko kwenye vyumba vya upasuaji vya Masasi na Newala. Ninyi mnachana pakiti, uzi unatoka umeshavikwa sindano, safi, umenyooka, na bado mnanuna kwamba feni haizunguki. Habari za kupanda vyeo mtanisamehe, nitaziruka, maana vyeo navyo viliniruka mimi mara nyingi bila kuomba radhi. Mishahara naiacha pia, ilikuwa midogo hata kwa kuisimulia. Nataka kuwaambia habari za ngiri, jinsi tulivyofunga majeraha yake, na habari za ndugu wawili wa Mkunya waliotutoa jasho.

Mimi ni Mmakua wa Lukuledi. Siku ya kwanza kuingia chumba cha upasuaji, kule Masasi, nikiwa muuguzi mgeni, nilivikwa gauni la kijani ambalo lingetosha watu wawili wa kimo changu. Nikalikanyaga pindo, nikaenda chini mimi pamoja na sinia. Makasi, visu, makoleo ya kushikia sindano, vyote vikatawanyika sakafuni mbele ya Daktari Mchopa. Nilijua nimeshafukuzwa, nikaanza kufikiria nitamwambia nini mama. Daktari Mchopa alikuwa mtu wa Chiwata, mnene, mwenye sauti ya kuongoza kwaya. Akatazama vile vyombo, akanitazama mimi, akasema, "Haya, dada, chemsha upya. Na hilo gauni lishone pindo, tusije tukakushona wewe." Mgonjwa alikuwa amechomwa sindano ya ganzi ya mgongoni, yuko macho kabisa, amelala anasikiliza kila kitu. Naye akasema kwa upole, "Mimi wala sina haraka."

Nilimpenda daktari yule kuanzia siku ile, na nilimpenda mgonjwa pia. Hata leo nikikumbuka ile "sina haraka" nacheka peke yangu njiani, watu wakanipisha.

Daktari Mchopa alinifundisha kufunga fundo kwa kamba ya kiatu kwenye mguu wa meza, kwa mkono wa kulia, kisha wa kushoto, kisha nimefumba macho. Alinifundisha kuhesabu vitambaa kabla ya kufunga tumbo. Na kila kidonda kilipotunga usaha hakukubali maneno ya "imetokea tu, daktari". Alisema kuna mtu amekichafua, tumtafute, na tukaanza kumtafuta kuanzia kwake yeye mwenyewe: kucha zake, viatu vyake, kikohozi chake. Kwa njia hiyo tuligundua kwamba wagonjwa walikuwa wakinyolewa na ndugu zao nyumbani kwa wembe butu, wanafika wodini wamejaa mikwaruzo, kila mkwaruzo ni mlango wa vijidudu. Tukapiga marufuku. Wazee wengine walinung'unika sana, walikuwa wamenyoa kwa heshima yetu.

Baadaye alihamishiwa hospitali moja ndogo huku juu mlimani, upande wa Newala, naye akaniomba nimfuate. Nikapanda na godoro langu. Huku juu, kama mjuavyo, taabu ni maji. Yalipanda kutoka mabondeni kichwani kwa akina mama, au kwa gari la tangi siku gari lilipojisikia, na masika tulikinga ya paa. Kunawa kwa upasuaji ilikuwa ibada: mmoja anamimina kwa kata, mwingine anasugua, na yale maji hayamwagwi, yanapiga deki ukumbi. Daktari Mchopa alinawa huku akiimba pambio, na wimbo ukiisha ndipo mikono ilikuwa safi. Aliyemkatiza alimfanya aanze upya, kwa hiyo hakuna aliyethubutu kumwambia hata kwamba mgonjwa amefika.

Na wagonjwa wa ngiri walikuwa wengi. Ukipanda mlima na debe la maji, ukabeba magunia ya korosho tangu ujana, siku moja pale kwenye kinena panatokeza uvimbe. Ukilala unarudi ndani, ukikohoa unatoka. Busha wanaume wa huku walilitania hadharani na kuliimba ngomani, lakini ngiri waliificha chini ya shuka mpaka utumbo unanaswa pale nje, haurudi, tumbo linajaa, mtu anatapika. Hapo ndipo walipoletwa kwa machela ya miti, mabega manne yanapokezana, na mara nyingi tulikuwa tumechelewa. Vifo vile vilituuma, kwa sababu ngiri ikipasuliwa mapema ni kazi ya asubuhi moja.

Miaka ya uhaba tulishona na tulichokipata. Uzi wa hariri ulikuja kidogo ukaisha. Tukatumia uzi wa pamba wa fundi cherehani, tunauzungushia kwenye chupa, tunauchemsha. Ulishika, siwezi kuusema vibaya. Ila uzi wa pamba umesokotwa, na katikati ya nyuzi zake vijidudu hupata pa kukaa. Miezi ikipita mgonjwa anarudi na tundu dogo kwenye kovu, linatoa usaha na kipande cha uzi. Mzee mmoja alituambia, "Daktari, natoa uzi kila wiki. Nikikaa kwako mwaka nitapata shuka."

Kisha zikaja enzi za ruksa, biashara ilipoachiwa huru. Mliozaliwa baadaye hamwezi kujua raha yake. Maduka ya Masasi yaliyokuwa yamekaa na viberiti na chumvi tu yakajaa ghafla: sabuni za rangi, redio, mitumba ya kila umbo, kandambili za kuchagua. Na katika duka moja, kwenye ndoana, magurudumu ya mshipi wa nailoni wa kuvulia samaki! Daktari Mchopa alikuwa amesikia mkutanoni kwamba kuna hospitali zinafunga ngiri kwa mshipi huo huo, ukishachemshwa vizuri. Alinituma mimi na gari la hospitali, akaniambia nisirudi mikono mitupu hata gari likirudi bila magurudumu.

Mwenye duka alinitazama gauni langu jeupe, akatazama mshipi niliouchagua.

"Sista, unatoka wapi?"

"Newala."

"Newala kuna mto?"

"Hatuna hata kisima cha maana."

"Sasa huu mshipi wa nini?"

"Wa kufungia matumbo ya watu."

Akauvuta kwa mikono miwili, mishipa ya shingo ikamtoka. "Huu unabeba samaki mkubwa kuliko wewe," akasema.

"Basi utabeba utumbo wa Mmakonde."

Alicheka, halafu akashika kinena chake polepole, akaacha kucheka. Nilimwambia aje siku yoyote.

Mshipi ule tuliukata vipande, tukautia kwenye jiko la mvuke, tukauhifadhi kwenye chupa za spiriti. Ni uzi mmoja mtupu, haukusokotwa, unateleza, hauna pa kuficha uchafu. Tatizo lake ni hilo hilo la kuteleza: fundo la kawaida linafunguka lenyewe. Ongezeni mizunguko, na mikia ya fundo msiikate mifupi mno. Wale wagonjwa wa kutoa nyuzi wakaanza kupungua. Daktari Mchopa aliinua kipande cha mshipi dirishani, kikang'aa, akakiimbia pambio zima na kibwagizo.

Furaha ilimpanda kichwani kidogo. Alikwenda Dar es Salaam kwenye mafunzo, akarudi na mtindo mpya wa kufunga ngozi. Zamani tulishona mshono mmoja mmoja, kila mmoja na fundo lake, kovu likabaki na alama za vitobo pande zote mbili. Mtindo mpya ulikuwa wa kuficha: uzi unapita chini ya ngozi mfululizo, upande huu na upande ule, nje huoni kitu isipokuwa ncha mbili. Ukiuvuta siku ya kuutoa, unatoka wote. Kovu linabaki mstari mwembamba. Aliufanyia mazoezi kwenye godoro langu, lile lile nililopanda nalo, na mpaka leo upande mmoja lina kovu zuri sana.

Mgonjwa wa kwanza wa mshono huo alikuwa Mzee Hamisi wa Mkunya. Alikuwa mpiga ngoma, anasifika vijiji vyote vya karibu. Ngoma yenyewe ni ile ndefu inayofungwa kiunoni kwa mkanda, ikakaa katikati ya mapaja, na ngiri yake ilikuwa imeota pale pale ngoma inapogusa. Misimu kadhaa ya unyago alikuwa amekaa nje na wanawake akitazama wengine wakipiga vibaya. Hilo alisema ndilo lililomleta. Dada yake mkubwa, Bi Somoe, alisema sababu nyingine. Kaka yao Saidi alikuwa na ngiri, akaificha, ikanaswa, akafia kwenye machela njiani. Bi Somoe alikuwa anatembea kando ya machela ile.

"Huyu ndiye aliyebaki," aliniambia. "Nkimrudisha vibaya, sina ndugu."

Bi Somoe alikuwa mama mrefu mkavu, ana ndonya ndogo, kile kigingi cha mti kwenye mdomo wa juu, na uso wake na mikono yake vimejaa chale za zamani zilizopangwa kwa mistari na pembe. Yeye mwenyewe alikuwa fundi wa chale enzi zake. Wasichana wa Mkunya walipita mikononi mwake kizazi baada ya kizazi, mpaka wasichana wakaacha kuzitaka. Alitukagua sote kama anayenunua mbuzi. Nilipomsalimu shikamoo, akaitikia marahaba, akashika mkono wangu, akaugeuza, akasema, "Laini. Hujakata ntu wewe."

Mzee Hamisi naye alipojua mimi ni Mmakua, utani ukaanza hapo hapo. "Mmakua anishike tumbo? Atahesabu matumbo yangu, ataiba moja." Nikamjibu kwamba sisi Wamakua hatuli vitu vya Wamakonde bila kuviosha, na kwa kuwa maji hakuna, yuko salama.

Upasuaji ulikwenda vizuri hata Daktari Mchopa akawa anaringa. Ndani alifunga kwa mshipi, nje kwa mshono wa kuficha. Baada ya siku kadhaa Mzee Hamisi alikwenda nyumbani, bandeji safi, maagizo yote: usiloweshe, usifungue, usibebe, rudi tutoe uzi.

Alirudi mapema. Alikuja anaburuta mguu mmoja, jasho usoni, lakini anatabasamu. Dada yake alikuwa nyuma yake na beseni. Nilimlaza, nikafungua bandeji, na nawaambia kweli, nilidhani nimefungua mgonjwa wa mtu mwingine. Mstari wa daktari ulikuwepo katikati, umevimba, mwekundu, wa moto. Kila upande wa mstari kulikuwa na pembe ndogo ndogo zilizochanjwa kwa wembe, zimepangwa zikitazamana, zimesuguliwa makaa meusi tii. Zilikuwa zimepangwa vizuri ajabu. Na katikati usaha ulianza kuchungulia.

Nikamwita daktari. Akaja, akasimama. Akainama, akazihesabu zile pembe kwa kidole. Mwishowe akasema, "Nani amenimalizia kazi?"

"Mimi," akasema Bi Somoe, bila kutetereka. "Uliiacha nusu. Nilifungua nkaona hakuna nshono. Kijistari tu, kama cha ukucha. Nkasema, daktari amechoka, au uzi umemwishia, kaona haya kusema. Nkamalizia."

"Kwa makaa?"

"Ya mbarika. Yale yale ya chale. Nimechanja matumbo ya Mkunya nzima, hakuna hata mmoja aliyetoa usaha. Kidonda kisichopakwa kinalala, kikilala kinafunguka."

Wauguzi wenzangu wawili walitoka nje mbio, nikasikia wanavyocheka kwenye ukumbi mpaka wanakosa pumzi. Mimi nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Maana fikirini: mahali pengine ndugu wa mgonjwa wangefurahi kwamba kovu halionekani. Hapa tulikuwa tumeleta mshono wa kufichika kwa watu ambao kwao ngozi iliyokatwa na kufungwa vizuri ni lazima ionekane, ndiyo sahihi ya fundi. Mpaka leo sijui nani alikuwa na kosa kubwa zaidi katika chumba kile.

Lakini Mzee Hamisi alikuwa na homa. Jambo lilikuwa hili, na nililieleza polepole kwa Bi Somoe huku nimemshika mkono: chale zinaishia kwenye ngozi, chini yake hakuna kitu cha kuharibika. Hapa chini ya ngozi kuna tundu ambalo tumeliziba kwa mshipi. Usaha ukiteremka mpaka kwenye mshipi, itabidi tuutoe wote, tundu litabaki wazi, na ngiri itarudi kwenye nyama iliyooza isiyoshika uzi. Itakuwa kama ya Saidi.

Nilipotaja Saidi, aliweka beseni chini. "Nimemuua?" akauliza.

"Bado," nikasema. Lilikuwa jibu baya, lakini ndilo nililokuwa nalo, na sikutaka kumdanganya.

Daktari Mchopa alikata mshono wake wa kuficha, ule aliouringia, na kwa kuwa ulikuwa mfululizo, kuukata mahali pamoja kulifungua jeraha lote. Aliusemea maneno ambayo mwanakwaya hasemi. Usaha ukatoka. Tukasafisha kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa, tukajaza shashi, tukaliacha wazi. Kila siku hivyo hivyo, asubuhi na jioni. Maji yote hayo aliyaleta Bi Somoe. Hatukumwomba. Alishuka bondeni, akapanda na ndoo kichwani, akachemsha jikoni kwa ndugu wa wagonjwa, akakaa mlangoni na sufuria mpaka nilipoichukua. Hakuniuliza habari ya kidonda. Aliniangalia uso tu, nami nilijitahidi kuwa na uso wa matumaini.

Mzee Hamisi, yeye, aliendelea na utani hata kwenye homa. Alinisihi nikimzika nisimzike na Wamakua, wanakoroma. Nilitoka nje nikafuta macho kwa mkono wa gauni, ambalo ni jambo lisiloruhusiwa, msiige.

Ikafika asubuhi ambayo shashi ilitoka safi. Nyama chini yake ilikuwa nyekundu, inang'aa, ya kupendeza. Daktari akavaa glovu, akaweka kidole pale kwenye tundu la zamani. "Kohoa, mzee."

Mzee Hamisi akakohoa.

"Kohoa kiume."

Akakohoa mpaka kitanda kikalia. Daktari akafumba macho kusikiliza kwa kidole. Kisha akafumbua.

"Haitoki," akasema. "Mshipi umeshika! Haitoki!"

Akaanza kuimba pale pale, na wodi nzima ikapokea, Waislamu kwa Wakristo, mwenye mguu uliovunjika akipiga tako la kikombe kwenye chuma cha kitanda. Bi Somoe alikuja mbio na sufuria akidhani ni msiba, na alipoambiwa alimwaga maji yote sakafuni, maji yale ya bondeni, akapiga kigelegele. Nilimkumbatia. Alikuwa ananukia moshi na chumvi.

Sasa lilibaki suala la kufunga ngozi. Daktari Mchopa alishaamua: hapana mshono wa kuficha kwenye jeraha lililowahi kutunga usaha. Atashona mmoja mmoja, kwa nafasi, ili ikitokea sehemu moja imechafuka, akate uzi mmoja atoe uchafu bila kubomoa nyumba nzima. Hiyo ndiyo faida ya mshono mmoja mmoja, wadogo zangu, na haijapungua hata kidogo tangu siku ile. Bi Somoe akaomba kuona. Tulimvika barakoa, ndonya ikaisukuma mbele kama pua ya pili, tukamsimamisha mbali na sinia, mikono nyuma.

Daktari akatia uzi wa kwanza, akafunga, wa pili, wa tatu. Kila uzi ulitoboa upande huu na upande ule, na vitobo vikapanga mstari kulia na kushoto. Bi Somoe akavuta pumzi.

"Aaa," akasema. "Kumbe mnajua."

"Tunajua, mama," daktari akajibu, na nadhani sijawahi kumwona amefurahi hivyo kwa sifa yoyote.

"Sasa hiyo ndiyo nshono. Mbona ule mwingine ulituficha?"

Jeraha likapona. Kovu likabaki na mstari wa katikati, vitobo vya daktari, na nje yake pembe nyeusi za Bi Somoe, mafundi wawili kwenye tumbo moja. Msimu wa unyago uliofuata nilikwenda Mkunya na wenzangu, na Mzee Hamisi alikuwa amejifunga ngoma kiunoni, anapiga kwa mikono yote miwili, amejipinda nyuma, kifua kinamwaga jasho. Alipiga mpaka nikavua viatu. Mimi, Mmakua wa Lukuledi, mtumishi wa serikali, nilicheza mpaka kilemba kikaanguka, na sijutii. Alipopumzika, wanaume walimzunguka, naye akashusha shuka kidogo, kwa adabu, kiasi cha kovu tu, wakainama kutazama na kugusa. Baada ya mavuno ya korosho walianza kuja hospitali, wanatembea wenyewe, bila machela, utumbo bado unaingia na kutoka. Wengi waliuliza kwanza mlangoni: mnashona ule wa kuonekana? Tulijibu ndiyo. Hata ngiri safi kabisa, ambazo zingeweza kufungwa kwa kuficha, Daktari Mchopa alizishona mmoja mmoja, na vidonda vikatulia. Walikuwa wanavitazama kila siku nyumbani, na ngozi kwenye uzi mmoja ikianza kuwa nyekundu, walikuja.

Niliona kazi hiyo imekamilika. Kisha Jumatatu moja Bi Somoe akaja kliniki peke yake, kanga mpya, beseni, kikombe, shuka limekunjwa. Nilimwuliza, "Mzee Hamisi anaumwa?"

"Nzima. Yuko shambani." Akafunga mlango nyuma yake. Akafungua kanga.

Tumbo lake lote lilikuwa limechorwa. Mistari ilitoka ubavuni, ikapinda, ikakutana juu ya kitovu, ikashuka tena, chale za zamani laini, zimefifia kuwa kijivu. Na katikati yake, hapo kitovuni, ngiri ilikuwa imetokeza kiasi cha ngumi, imeinyanyua ile michoro na kuitanua.

"Tangu ntoto wangu wa mwisho," akasema. "Naifunga na kanga. Usiku wa juzi ilikataa kurudi mpaka nkalala chali nkalia." Akaniangalia. "Nilikuwa natazama kwanza nkono wenu."

Miaka yote ile! Alikuwa ametembea kando ya machela ya Saidi nayo, amepanda mlima na ndoo zile za maji ya chumvi nayo, na mimi nilikuwa nimezipokea sufuria zile mlangoni kila siku. Nilimwita daktari, naye akakaa kitini mbele yake, akamwambia tutamfanyia asubuhi inayofuata.

"Utapita hapa," Bi Somoe akasema, akiweka kidole kwenye michoro.

"Lazima, mama. Hakuna njia nyingine."

"Pita. Lakini ukifunga, mistari ikutane. Huu na mwenzake, huu na mwenzake." Akavuta kanga akajifunika. "Ni nkono wa mama yangu. Sina kitu chake kingine."

Asubuhi ile Daktari Mchopa alinawa bila kuimba. Alirudisha utumbo, akaziba tundu kwa mshipi, haraka, kama kawaida yake. Kwenye ngozi alianza kwenda polepole. Aliniomba nishike kingo mbili zikabiliane, nikasogeza kulia, nikarudisha, mpaka mstari wa kwanza ukaguswa na mwenzake. "Hapo," akasema, akatia uzi mmoja. Tukaenda wa pili. Tukaenda wa tatu. Bi Somoe alikuwa macho kwa ganzi ya mgongo, anatazama dari, na kila uzi ulipofungwa alinong'ona kutaka kujua, "Umekutana?" nami nikamjibu, "Umekutana, mama."

Siku ya kutoa nyuzi hakutaka kioo. Alifumba macho, akaweka kidole ubavuni pale mstari unapoanza, akautelezesha polepole mpaka kitovuni, akavuka kovu letu, akaendelea upande wa pili bila kusimama. Akarudia mstari mwingine, na mwingine, mpaka akaimaliza yote. Kisha akacheka huku machozi yanamtoka, Daktari Mchopa akampigia kelele asicheke, tumbo bado bichi, na yeye hakuweza kuacha, na sisi tukashindwa kumkataza.